Mwaka Niliomwandikia Jenerali

Lien alikuja kula kwangu Queensburgh Jumapili iliyopita, na kabla hajavua viatu alikuwa ameshaanza kulalamikia mlima wetu, breki za gari lake na mvua. Nywele zake ni nyeupe sasa, ana wajukuu, na bado anaendesha ofisi yake ya kupokea kontena kule bandarini kwa ukali uleule ulionifanya, nikiwa na miaka ishirini na minne, nijifiche jikoni kila niliposikia funguo zake mlangoni. Tulikula sombe, kisamvu cha kwetu, na samaki, tukacheka mambo ya zamani, kisha akaweka uma chini akaniuliza jambo ambalo hakuwahi kuniuliza miaka yote hii: "Espe, zile asubuhi ulizokaa na baba, kabla mimi sijajua lolote, mlikuwa mnafanya nini hasa?" Nilimjibu kwa kifupi kwa sababu chakula kilikuwa kinapoa. Alipoondoka niliona aibu. Mtu akikuuliza habari za baba yake aliyekufa, huwezi kumpa sentensi mbili ukamwongezea mboga. Kwa hiyo nimekaa kuandika, na nitaandika mwaka ule mmoja tu. Habari za kuzaliwa kwangu, za shule na za njia iliyonifikisha Durban naziacha; nimezijaza kwenye fomu za serikali mara nyingi mno, na sioni kama ziliwahi kumfurahisha yeyote.

Wakati huo nilikuwa nasuka nywele katika saluni ya Mama Neema, Greyville, chini ya jengo la ghorofa nne linalotazama uwanja wa mbio za farasi. Mama Neema ni mtu wa Bukavu. Hakumiliki hata tofali moja la jengo lile, lakini neno lake lilikuwa la mwisho kwa kila mpangaji. Siku moja ya mwezi wa pili aliingia mwanamke mwembamba, akauliza kwa Kiingereza kama kuna mtu hapo anayejua Kifaransa sawasawa, kusoma na kuandika. Saluni nzima ilicheka, maana hata mteja aliyekuwa amefunikwa kichwa na mashine ya kukausha alikijua. Mwanamke huyo ndiye Lien. Hakucheka. Alieleza kwamba anaishi ghorofa ya tatu na baba yake, jenerali mstaafu wa jeshi la Vietnam, mkomunisti wa tangu ujana, ambaye amepatwa na kiharusi. Mkono wa kulia umekufa. Ulimi nao umemgeuka: Kivietinamu, lugha aliyozaliwa nayo, kinamtoka kimevurugika, lakini Kifaransa alichochapiwa viboko shuleni utotoni kimebaki kimenyooka. Daktari alisema mambo hayo hutokea. Lien mwenyewe hakujua Kifaransa. Kizazi chake kilifundishwa Kirusi. Na mzee alikuwa na kitabu cha maisha yake cha kumaliza kabla hajatimiza miaka themanini, kwa kuwa wenzake wa jeshini walikuwa wanakisubiri. Alitaka mtu wa kumwandikia asubuhi, na kila Ijumaa jioni amsomee yeye Lien kurasa za wiki kwa Kiingereza, ili azigeuze Kivietinamu.

"Espe, si weye ulisoma mpaka chuo?" Mama Neema alisema. "Enda."

"Kwa nyumba ya général? Miye? Hapana, Mama. Ba général ninabajua."

"Huyu ni wa kule Vietnam. Si wa kwetu."

"Général ni général."

"Espe," akasema, akiendelea kusuka bila kuniangalia, "mikono yako iko na haraka, kila siku bateja banalalamika. Panda ngazi."

Nilipanda nikiwa nimevimba kwa hasira, nimejitayarisha kumchukia. Nilikuta chumba chenye kitanda kizuri ambacho hakilaliwi, kwa sababu mwenyewe alilala sakafuni juu ya mkeka. Kulikuwa na redio, chupa za mafuta ya minti, ndala za plastiki zilizopangwa sambamba ukutani, na katikati mzee mdogo wa mwili aliyevaa sweta ya kijani katika joto la Durban. Alinitazama kuanzia viatu kwenda juu. Tuliongea Kifaransa siku ile na siku zote, na hapa nayaweka maneno yake katika Kiswahili. Hakuniuliza jina. Aliuliza: "Kelele zile za chini kila asubuhi ni za nini?" Nikamwambia ni saluni, wanawake wanaongea. "Wanaongea nini?" Nikamwambia ni mambo yao. "Basi kesho uje na ripoti," akasema, "siwezi kukaa mahali bila kujua kinachoendelea chini yangu."

Nilidhani ni mzaha. Haukuwa. Kila asubuhi, kabla sijafungua daftari, ilinibidi nimpe ripoti ya saluni: nani kagombana na nani, mchumba wa nani kahamia Pinetown na hapokei simu. Alisikiliza amefumba macho, kisha akatoa ushauri wa kijeshi. Kuhusu yule mchumba alisema, "Asimpigie simu wiki mbili. Ajifanye amehama kambi usiku." Niliupeleka ushauri chini, msichana akaufuata, kijana akarudi mbio akiwa na kuku wa kukaanga. Tangu hapo wateja walianza kutuma maswali yao juu, na Mama Neema, aliyekuwa ameapa kwamba wakomunisti wote ni watu wa shetani, akawa anampelekea sombe kila Alhamisi. Mzee aliila kwa kumwagia mchuzi wao wa samaki unaonuka jengo zima. Nilijaribu mara moja nikiwa nimeziba pua, na hadi leo siwezi kula sombe bila mchuzi huo.

Lakini kilichonilegeza hasa ni baiskeli. Alitoroka shule akiwa na miaka kumi na saba kwenda kupigana na Wafaransa, na kazi yake ya kwanza haikuwa ya bunduki. Aliongoza watu wa baiskeli. Walifunga ufito wa mwanzi kwenye usukani na mwingine nyuma ya tandiko, wakapakia magunia ya mchele mpaka baiskeli ikawa haipandwi tena, inasukumwa tu, mtu akitembea kando yake wiki tatu milimani. Niliacha kalamu nikamwambia kwetu Goma tuna chukudu, pikipiki ya mbao isiyo na injini wala kiti, inayobeba makaa na viazi kuliko punda. Alifumbua macho. Magurudumu ni ya nini? Ya mbao, nikamwambia, yamevishwa mpira. Inabeba kiasi gani? Kwenye mteremko inasimamaje? Nilisimama katikati ya chumba nikamwonyesha jinsi mtu anavyokanyaga kipande cha tairi juu ya gurudumu la nyuma. Hatukuandika hata mstari siku tatu. Siku ya nne akasema, kwa masikitiko ya kweli, kwamba laiti angezijua chukudu ujanani angeokoa watu wengi. Nikatambua kwamba nilikuwa namsikiliza mtu ambaye maisha yake yote ya ukubwa jeshini yalikuwa ni kufikisha mchele mahali ambapo watu wana njaa. Majenerali niliowajua mimi walikuja kuuchukua.

Kwa hiyo kitabu kilikwenda vizuri, kwa muda. Niliandika jinsi alivyotoka kwenye baiskeli akapewa malori, jinsi alivyokata barabara msituni wakati wa vita na Wamarekani, barabara iliyopigwa mabomu mchana na kutengenezwa upya kila jioni. Niliandika vikao vya chama ambako kila mtu, mkubwa kwa mdogo, alisimama mbele ya wenzake akajikosoa mwenyewe. Hilo lilinichekesha, nikimfikiria jenerali wa kwetu akikiri kosa. Yeye alikuwa amekiri mengi: kuchelewa kikao, kumpigia kelele dereva, kuficha sigara tatu. Aliyakumbuka yote. Lakini kila tulipofika mwaka fulani alipokuwa bado meja, wakati wenzake wa rika lake ni makanali, alisema amechoka. Siku iliyofuata tulianzia mwaka wa mbele yake, na tayari alikuwa luteni kanali mwenye nishani. Nilimwambia kuna shimo hapa. Akasema, "Najua lilipo." Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nilimwambia kama anataka kitabu chenye shimo atafute mwandishi mwingine, nikateremka ngazi. Kesho yake nilipanda tena, na hakuna aliyeligusa jambo hilo.

Kisha ikaja Jumatano moja ya mwezi wa nne. Alikuwa amenituma sokoni tangu jana yake, na asubuhi akakaa kwenye kiti jikoni akaniamrisha kupika: kuku mzima wa kuchemsha, wali wa kunata, supu ya machipukizi ya mwanzi. Akaniambia nipange mezani bakuli kumi na moja, vijiti jozi kumi na moja, vikombe kumi na kimoja vya chai. Katikati akaweka kopo la nyanya lililojaa mchele mbichi, akachomeka ubani akauwasha kwa mkono wake wa kushoto. Nilimuuliza wageni wanafika saa ngapi. "Huja kila mwaka," akasema, "hawajakosa hata mara moja." Akaingia chumbani kwake, akafunga mlango. Lien alikuwa kazini bandarini. Nilikaa nikisubiri mlango wa nje ugongwe. Saa sita ikapita, saa saba ikapita, mafuta yakaganda juu ya supu, na moyo wangu ukaanza kuniuma kweli. Kwetu mtu akiandalia wageni na wageni wasije, hiyo ni aibu inayosimuliwa miaka. Majirani huja kujaza viti hata kama wameshiba, ili mwenye nyumba asiadhirike. Na huyu alikuwa mzee, mgonjwa, mgeni wa mji, amejifungia chumbani asionekane akilia. Niliteremka mbio.

"Mama Neema, mzee amepikia batu kumi na moja. Hakuna hata mumoja amekuja."

"Eish! Hata mumoja?"

"Hata mumoja."

"Fungeni mulango," Mama Neema akawaambia wasichana. "Twende."

Tuliwapata watu: yeye mwenyewe, wasusi wanne, wateja wawili ambao mmoja nusu ya kichwa chake ilikuwa haijasukwa, muuza simu wa duka la pembeni na mke wake, na Pacifique, kijana wa Kirundi aliyekuwa analinda magari barabarani, pamoja na binamu yake. Pacifique alivua kizibao chake cha kung'aa akakikunja vizuri mlangoni. Mama Neema aliombea chakula kwa urefu wake wa kawaida, akamkemea kila pepo wa upweke katika nyumba ile, kisha watu wakala kwa bidii na kwa kelele, vijiti vikatumika kuonyeshana tu. Supu ilikuwa imebaki ya mwisho pale mlango wa chumbani ulipofunguka.

Jenerali alisimama ameegemea fimbo. Aliwatazama, akatazama ubani uliokuwa umefika nusu, akaanza kuhesabu vichwa kwa kidole. "Kumi na mmoja," akasema kwa sauti ndogo. Mama Neema akamkaribisha mwenye nyumba kwenye meza yake mwenyewe. Mzee aliniambia, bila ukali, kwamba meza ile ilikuwa ya wafu: wanajeshi wake kumi na mmoja, leo ndiyo siku yao, na kwa desturi walio hai hula baada ya ubani kuisha. Nilitamani ardhi inimeze. Nilipowatafsiria, Mama Neema aliacha kutafuna.

"Yesu wangu," akasema, "tumekula chakula ya batu balikufa?"

Watu wakaweka bakuli chini, isipokuwa Pacifique. "Mimi nasikia njaa, mama," akasema, mdomo umejaa. "Na wao hawakugusa."

Jenerali alitaka kujua kijana amesema nini. Nikamwambia. Akacheka, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka, kicheko cha kukwaruza kilichoishia kwenye kikohozi. Kisha akaketi na kumuuliza kila mmoja jina lake na umri wake, nami nikitafsiri huku na huku. Pacifique alisema ana miaka kumi na tisa. Mzee akachukua kijiko kwa mkono wa kushoto, akamwongezea wali, polepole, wali mwingine ukimwagika mezani, akakataa kusaidiwa. Alimtazama akila mpaka bakuli likawa tupu. Asubuhi yake nilipofika hakuuliza ripoti. Alisema, "Chukua daftari jingine. Hili si la kitabu."

Alichoniambia nilikiandika hivi. Alitakiwa kuvusha malori ya risasi kwenye kivuko cha mto mmoja milimani kabla ndege hazijarudi. Aliwaweka watu kumi na mmoja juu ya kilima upande wa pili, na bunduki moja kubwa, wazivutie ndege kwao. Aliwaambia wakisikia filimbi yake, wateremke wakimbie. Malori yalivuka salama. Wakati huohuo akaona msafara wa pili unakuja, msafara ambao haukuwa wake, na akafikiri kwamba akiuvusha na huo hatabaki meja. "Filimbi ilikuwa mdomoni mwangu," alisema. "Niliibana kwa meno, sikuipuliza." Msafara wa pili ulivuka. Wale kumi na mmoja walibaki kilimani wakisubiri sauti. Aliwazika mwenyewe alasiri ile, akisaidiwa na wanajeshi wawili waliokuja kufa baadaye vitani. Katika taarifa yake aliandika kwamba walikataa kurudi nyuma kwa hiari yao, na kwamba mto uliwachukua, ili asiwepo wa kwenda kutazama na kuuliza. Familia zao zilipata karatasi za ushujaa. Mahali walipolala hawakuambiwa, na kwao mtu asiyejulikana alipolala hahesabiwi kuwa amerudi nyumbani. Sasa mtu aliyejua mahali hapo alikuwa mmoja tu duniani, na lugha yake moja ilikuwa imeshaondoka.

Hizo ndizo asubuhi ulizouliza, Lien. Tulikuwa tunatafuta kilima. Mkono wake haukuweza kuchora, wangu haukujua pa kwenda, na karatasi nne za kwanza alizitupa. Ndipo akaomba tangawizi. Alinituma nikanunue tangawizi zote za dukani, nikateremka saluni nikachukua nywele bandia za bluu, na tukamwaga mchele meza nzima. Tangawizi zikawa milima, nywele zikawa mto. Alianza na maji kila wakati. Alisema miti hukatwa, njia huhama, nyumba huungua, lakini ukijua maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi umeshapata nusu. Baada ya maji, mawe makubwa. Baada ya mawe, hatua. Aliweza kukaa nusu saa nzima akisukuma tangawizi moja mbele na nyuma, jasho likimtoka ndani ya sweta. Siku moja alipata pembe ya jabali walilochimba chini yake, akasema "Hapa," akaondoa mkono haraka. Tulinakili kila kitu kwenye karatasi, hatua themanini na mbili kutoka majini, pamoja na majina yote.

Ijumaa ya pili ikafika; ile ya kwanza nilikuwa nimesoma kurasa za kitabu tu. Ningeweza kuruka kurasa zile. Jenerali hakujua Kiingereza, Lien hakujua Kifaransa. Ukweli wote ulikuwa umekaa mdomoni mwangu, nami nilikuwa naogopa kupoteza kazi, na zaidi ya kazi, niliogopa uso wake. Mzee aliketi kati yetu, ananitazama midomo. Nikasoma yote. Lien alisema, "Rudia pale pa filimbi." Nikarudia. Akaenda kusimama kwenye kibaraza, na aliporudi sauti yake ilikuwa ya ofisini. Alisema kitabu kitatoka bila daftari la pili. Alisema watu wa rika la baba yake wanakufa na heshima zao, na yeye hatakuwa binti wa kumvua baba nguo mbele ya jeshi zima. Akalichukua daftari na ramani, akavifungia kwenye droo ya ofisi yake bandarini.

Lien atalisoma hili, na nataka ajue kwamba nilimchukia wiki tatu kamili, na kwamba leo, nikiwa na wazazi wa kutunza, namwelewa. Mzee hakumlaumu. Aliacha tu kuniandikisha. Tulikaa tukisikiliza redio na spika za uwanja wa farasi. Asubuhi moja alitaka miwani, na Kifaransa kilichomtoka hakikuwa Kifaransa, ni sauti tupu. Alijaribu tena, kisha akanitazama kwa macho ya mtu aliyesikia mlango unafungwa upande wa pili wa nyumba. Jioni nilimsubiri Lien kwenye ngazi. Sikujificha. Nilimwambia, "Kifaransa nacho kimeanza kuondoka. Hakitangoja wewe umalize hasira." Alinipita akapanda ngazi.

Jumapili yake aliniita. Daftari lilikuwa mezani mbele ya baba yake. Alimsemesha kwa Kivietinamu, polepole, na mzee alijaribu kumjibu maneno yakamsaliti. Ndipo akaweka kidole kwenye orodha na kuanza kutaja majina. Yalimtoka mazima, moja baada ya jingine, yote kumi na moja, bila kukosea hata sauti. Lien alishika mdomo. Mzee akanigeukia, akasema kwa Kifaransa chake kilichobaki nimwambie binti yake jambo moja zaidi. Kwamba pamoja na nishani alipewa ruhusa ya siku tano, na siku hizo alikwenda nyumbani kumwona mtoto wake aliyezaliwa wiki ileile. "Mwambie nilimbeba kwa mikono niliyochimbia." Nikamwambia. Lien alilia kwa sauti, nami nikalia, maana sijaweza kujifunza kumwacha mtu alie peke yake. Usiku haujaingia alikuwa ameshavuta kiti. "Soma," akaniambia, "polepole, kila neno." Barua yenye maungamo yake, ramani na majina, kwa Kivietinamu, ilitumwa kwa familia zao na kwa jeshi mwezi wa saba.

Kitabu hakikuchapishwa kamwe. Wenzake kadhaa waliacha kumwandikia, na yeye alisema wana haki. Jibu lilikuja mwezi wa kumi na moja, kutoka kwa dada wa mmoja wa wale kumi na mmoja, bibi wa miaka sabini aliyekwenda huko na majembe, jamaa wa wengine na wanajeshi vijana wa kuwasaidia. Lien alilisoma kwa sauti mbele yetu. Walifuata maji, wakahesabu hatua, wakachimba chini ya jabali. Waliwapata tisa. Bibi aliandika: umechelewa sana, Jenerali, lakini ndugu yangu amerudi. Nilirukaruka kama mtoto, Mama Neema aliyekuwa ameleta sombe akapiga vigelegele bila kujua vya nini, na Lien akacheka huku machozi yanamdondoka. Jenerali alisubiri tumalize. "Wawili gani?" akauliza. Tulipompa majina, alinituma tangawizi.

Tulifanya kazi ile mpaka Krismasi, tukiusogeza mto wa bluu kidole kimoja kimoja, maana bibi alisema upande mmoja umemomonyoka. Asubuhi moja alikusanya tangawizi zote upande wake, akausawazisha mchele mezani ukabaki mtupu. "Sasa wewe," akasema. Nilimwambia mimi sina jeshi. "Una mtu," akasema. "Kila tunapofika kwenye mawe, unaangalia dirishani." Sikuwa nimemwambia yeyote Durban, hata Mama Neema. Kaka yangu Dieudonné alifia njiani tulipokuwa tunakimbia kutoka Masisi, tukamfunika kwa haraka mimi na mama kwa sababu risasi zilikuwa nyuma yetu, na tangu siku ile mama hakuwa amelitaja jina lake, wala mimi. Nilidhani nimepasahau mahali pale. Mzee akanisukumia nywele za bluu. "Maji," akasema, "yanatoka wapi?" Nikaziweka. Ilichukua siku sita.

Aliishi miaka miwili zaidi, akifundisha wanawake wa Greyville kuzingira na kusubiri. Miaka miwili baada ya kumzika, barabara ya kwetu ilitulia kwa msimu mmoja, na mama alitoka Goma na binamu zangu, karatasi yangu ya ramani ikiwa ndani ya kitenge. Nilikuwa na mteja kitini simu ilipolia. Nilisikia upepo, nikasikia watu wanafyeka, nikauliza mara tatu kama yuko sawa. Kisha mama akasema, "Espe. Dieudonné iko hapa. Tega sikio, maji ndiyo hii."